ZAMU YA BUSTANI ISIKATIKE MWISHO WA MWAKA

Leo katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya mboga za majani. Tena tuzungumze juu ya mboga za wakati mgumu, yaani miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba.

Hapa Ilongero, kama sehemu nyingi za Mkoa wa Singida, tuna msimu mmoja tu wa mvua. Kwa kawaida mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Kuanzia Mei ni kiangazi. Mwezi wa Februari mlenda, mgagani na mchicha huota hata nyuma ya nyumba bila kupandwa na mtu. Lakini mwezi wa Novemba ukitafuta jani bichi la kupika, utazunguka mpaka miguu iume.

Ndiyo sababu watu huungana, wakalima bustani ya mboga karibu na kisima au bondeni. Ni kazi njema. Lakini bustani nyingi za kikundi hufa kabla mwaka haujaisha. Haziuawi na jua peke yake. Hufa kwa sababu zamu imekatika.

JAMBO NILILOLIONA

Niwaeleze jambo moja. Sitataja jina la mtu wala la kikundi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo katika lawama hii nami nimo.

Tulikuwa kaya 14. Tulikuwa na matuta 14 chini ya kisima. Mwezi wa Oktoba mwaka jana maji yalipungua. Kina mama walikaa kisimani usiku wakingoja maji yajae. Tukaitana mkutano. Mzee mmoja akasema, "Tuweke sheria. Asiyemwagilia, asichume." Watu wakakubali. Sheria ile ilionekana kuwa ya haki.

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, na yule aliyejifungua juzi, je?" Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa kijana mbele ya wazee. Nikaona haya kusema. Nikanyamaza.

Mama yule aliyejifungua hakuweza kubeba maji. Mume wake alikuwa mbali akitafuta kibarua. Basi jina lake likafutwa katika zamu, na mgao wake ukaisha.

Mwezi wa Desemba alikuja zahanati kuleta kichanga chake kwa chanjo. Kichanga kilikuwa kizima. Lakini alikuwa amemshika mkono mtoto wake mwingine, wa miaka miwili na nusu. Nikamwuliza, "Dada, na huyu hajambo?" Akajibu, "Huyu haumwi. Ila jioni hachezi na wenzake. Jua likizama anakaa pale pale alipo. Nikimwekea chakula anakipapasa kama kipofu."

Hiyo ilikuwa dalili ya hatari. Mtoto yule alikuwa haoni giza likianza kuingia. Hii ni alama ya kwanza ya upungufu wa vitamini A. Kama asingetibiwa, macho yangekauka, yangefanya kidonda, na angeweza kupofuka kabisa. Tena mtoto mwenye upungufu huu akipata surua au kuharisha hufa kwa urahisi kuliko mwenzake.

Tulimpa vitamini A siku ile, siku iliyofuata, na tena baada ya wiki mbili. Alipoletwa mara ya tatu mama yake alikuwa anacheka. Alisema, "Sasa anafukuza kuku mpaka giza linaingia."

Sisemi kwamba sheria yetu peke yake ilimwuguza mtoto yule. Alikuwa ameharisha mara nyingi. Tena alikosa matone ya vitamini A mwezi wa Juni. Lakini mboga zilikuwepo, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Sisi tulimfungia mlango. Nyumba iliyokuwa na shida kuliko zote ndiyo tuliyoiondoa.

MBOGA ZA MAJANI ZINA KAZI GANI?

Ugali hutupa nguvu ya kufanya kazi. Maharage, kunde, maziwa, mayai na nyama hujenga mwili. Mboga za majani na matunda huulinda mwili usipatwe na maradhi ovyo.

Mboga yenye rangi ya kijani iliyoiva ndiyo yenye vitamini A nyingi. Mfano ni mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mgagani na mlenda. Boga la manjano, karoti, papai na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa navyo vinayo. Kabichi nyeupe inayo kidogo sana. Kwa hiyo usidhani kwamba mboga ya kununua mjini ni bora kuliko ya kwako.

Mboga za majani pia zina madini ya chuma na vitamini zinazosaidia kutengeneza damu. Mama mjamzito anazihitaji sana. Lakini mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Mboga husaidiana na vidonge. Haichukui nafasi yake.

JAMBO HILI SI GENI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na vikundi vya kujifunza. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kusikiliza redio. Mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu. Walijadili, kisha wakaondoka kwenda kufanya waliyoamua: kuchimba choo, kufyeka majani, kulima mboga.

Nguvu ya kampeni zile ilikuwa kikundi. Mtu mmoja akichoka, mwingine alimshika mkono. Bustani ya kikundi inataka mambo hayo hayo. Kama mtu akichoka anafukuzwa, hicho si kikundi tena.

KAZI ZA OKTOBA

Mwezi huu jua ni kali na upepo unakausha udongo. Tengeneza tuta la kuzama. Maana yake ni kwamba udongo wa katikati uko chini na kingo ziko juu, kama sahani. Maji hayatoki nje. Upana uwe mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu uwe mita tano.

Changanya madebe mawili ya samadi iliyooza katika kila tuta. Samadi mbichi huunguza mboga na huleta vijidudu. Funika udongo kati ya mistari kwa nyasi kavu au mabua ya mtama yaliyokatwakatwa. Udongo uliofunikwa haukauki upesi.

Mwagilia asubuhi mapema na jioni. Maji ya mchana huliwa na jua. Tuta la ukubwa huo likiwa limefunikwa vizuri, debe moja jioni na nusu debe asubuhi hutosha.

Usipande mbegu zote siku moja. Panda mchicha tuta moja, na baada ya wiki mbili panda tuta jingine. Mchicha huweza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukipanda kwa zamu, utachuma kwa zamu. Usiung'oe. Kata ncha, nao utachipua tena.

KAZI ZA NOVEMBA

Huu ndio mwezi wa kupima kikundi. Kisima kinapungua. Maji ya kunywa ya watu yatangulie. Yanayobaki ndiyo ya bustani.

Maji yakiwa machache, msiyagawe kidogo kidogo kwa matuta yote. Mboga zote zitakufa pamoja. Punguzeni matuta. Kama yalikuwa 14, bakizeni saba na muyape maji ya kutosha. Bakizeni kunde na matembele, maana huvumilia jua kuliko mchicha. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi pia yanafaa kumwagilia.

Maji ya chumvi hayafai. Sote tunajua kwamba ziwa Singidani na ziwa Kindai pale mjini ni ya chumvi. Hata visima vingine vina chumvi. Ukiona ncha za majani zinaungua na udongo unafanya ukoko mweupe juu, tafuteni maji mengine.

Mwezi huu pia tengenezeni ua wa miiba, kabla mvua haijawaita watu shambani. Chagueni mbegu za mlenda, kunde, maboga na mchicha. Ziwekeni mahali pakavu, katika chombo chenye kifuniko.

KAZI ZA DESEMBA

Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu hubeba jembe na kukimbilia shamba la mtama, mahindi au alizeti. Ni sawa, maana chakula cha mwaka mzima kinatoka huko. Lakini hapo ndipo bustani inapoachwa. Sisi mwaka jana tuliiacha kwa siku tisa. Ua ulikuwa na tundu. Mbuzi waliingia na kula kila kitu. Kisha mvua ikakatika na jua likarudi. Tukabaki bila mboga ya bustani wala ya porini.

Kumbuka jambo hili. Tangu mvua ya kwanza inyeshe mpaka upate mboga ya kuchuma shambani, zitapita wiki tatu, nne au zaidi. Wiki hizo watu wanafanya kazi nzito, na watoto wanaachwa nyumbani na wadogo wenzao. Hapo bustani inahitajika zaidi ya siku zote.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, kaya zenye zamu zipite bustanini alfajiri kabla ya kwenda shambani. Zitazame ua, zichume, na kama hakuna mvua zimwagilie. Kazi ya saa moja inatosha. Pili, geuzeni matuta. Tuta la kuzama ni zuri wakati wa jua, lakini wakati wa mvua hujaa maji na mizizi huoza. Inueni udongo wa katikati na mchimbe mfereji pembeni. Tatu, pandeni mbegu mara udongo unapolowa.

Mwezi wa Desemba, kama Juni, ni mwezi wa matone ya vitamini A. Kila mtoto wa miezi 6 mpaka kabla hajatimiza miaka 5 apelekwe kupata. Wadogo chini ya mwaka hupewa kidonge cha bluu, wakubwa chekundu. Kidonge hukatwa na mtoto hutiwa matone mdomoni. Usinunue vidonge hivyo ukampa mwenyewe. Vikizidi vinadhuru, na vile vyenye nguvu nyingi ni hatari kwa mimba.

JINSI YA KUPANGA ZAMU

Mwezi wa Januari kikundi chetu kilikutana tena. Safari hii nilisema. Niliwaambia wazee kwamba mama anaponyonyesha, maziwa yake yanatokana na anachokula, na kwamba nilikosa kwa kunyamaza. Mzee yule aliyeleta sheria alisikiliza, akasema, "Mwanangu, ungesema siku ile tungekusikia." Nikaona aibu, lakini nilifurahi. Tukaiondoa sheria ile, tukaandika nyingine.

Sheria yetu mpya ni hii. Kila mtu ana kazi, lakini si kila mtu ana kazi ya kubeba maji. Zipo kazi za mtu aliyekaa: kuchagua mbegu, kufukuza ndege na kuku, kuangalia ua, kusuka kamba, kuandika daftari. Mzee, mlemavu na mama mwenye mimba kubwa watapewa hizo. Mzazi atapumzika mpaka arobaini yake iishe, na mgao wake utapelekwa nyumbani. Mgonjwa naye hivyo hivyo.

Wewe uliyehitimu kisomo, hapa elimu yako inapata kazi. Chukua daftari. Andika hivi:

Jumatatu: kaya ya 1 na ya 2.
Jumanne: kaya ya 3 na ya 4.
Jumatano: kaya ya 5 na ya 6.
Alhamisi: kaya ya 7 na ya 8.
Ijumaa: kaya ya 9 na ya 10.
Jumamosi: kaya ya 11 na ya 12.
Jumapili: kaya ya 13 na ya 14.

Kila siku kaya ziwe mbili, si moja. Moja ikipata msiba au ugonjwa, nyingine ipo. Pembeni andika madebe mangapi yametiwa na mafungu mangapi yamechumwa. Anayeshindwa kufika amwambie mwenzake jana yake, wabadilishane siku. Daftari lisomwe mbele ya wote kila Jumapili, ili pasiwe na manung'uniko ya chinichini.

Katika kugawa, zitangulie nyumba zenye watoto wadogo, mama wajawazito na wanaonyonyesha. Kisha wengine. Kama mboga imezidi, iuzwe, na fedha zinunue mbegu na kamba za ndoo.

KUPIKA

Mboga ikipikwa vibaya hupoteza faida yake. Osha majani kwa maji safi kabla ya kukata, si baada ya kukata. Pika kwa muda mfupi, ukiwa umefunika sufuria. Usimwage maji ya mboga.

Tia mafuta kidogo. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Singida ni nchi ya alizeti, kwa hiyo mafuta tunayo. Kijiko kimoja kidogo katika chakula cha mtoto kinatosha. Kama mafuta hakuna, tia karanga zilizotwangwa.

Kula mboga pamoja na limau, papai au ubuyu, ili mwili uchukue madini ya chuma. Chai ngoja unywe baadaye, maana chai huyazuia. Mtoto aliyefikisha miezi sita apewe mboga laini iliyopondwa, huku akiendelea kunyonya.

Tena, mboga za Machi na Aprili zikiwa nyingi, zikaushe kwa ajili ya Novemba. Zichovye katika maji yanayochemka dakika mbili, kisha zianike kivulini penye upepo. Sisi tumezoea kuzianika juu ya jiwe kwenye jua kali. Jua hilo huua vitamini A nyingi. Kivuli huitunza zaidi.

TAHADHARI

Usipige mboga dawa ya pamba wala dawa usiyoijua. Wadudu wachache waokote kwa mkono au wanyunyizie majivu. Ukitumia dawa ya mboga, soma karatasi yake na ungoje siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Chupa au debe la dawa lisitumike kuchotea maji.

Mvua za kwanza husomba kinyesi na kukitia visimani. Wakati huo kuharisha huongezeka. Chemsha maji ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Vaa viatu bustanini, kwa sababu minyoo ya safura huingia kupitia nyayo.

Zungushia uzio kila shimo la maji. Mtoto mdogo huzama hata katika maji machache.

Na ukiona mtoto anajikwaa jioni, anapapasa chakula, au weupe wa jicho lake umekauka, usingoje. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, soma makala hii kwa sauti katika kikundi chenu. Kisha tazameni daftari lenu la zamu. Je, kuna jina lililofutwa? Mwende mkamtazame mwenye jina hilo nyumbani kwake, na mtazame watoto wake jioni wanavyocheza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu ni mwezi gani mboga za majani huadimika zaidi?
2. Kwa nini tuta la Oktoba halifai mwezi wa Desemba?
3. Taja kazi tatu za bustani anazoweza kufanya mtu asiyeweza kubeba maji.
4. Kwa nini tunatia mafuta katika mboga ya mtoto?
5. Katika kikundi chenu, nani atapita bustanini alfajiri ya siku ile mvua ya kwanza itakaponyesha? Andikeni jina lake leo.